Sabinyo: Siku moja ya jasho hadi kilele chenye nchi tatu

Na Mwandishi Maalumu, Musanze

MFANYABIASHARA anayepanga bidhaa zake sokoni Kisoro, akiinua macho kuelekea kusini, huona milima mitatu imesimama mstari mmoja. Mashariki ni Muhabura, katikati ni Gahinga, na magharibi ni Sabinyo, mlima uliochongoka juu kama taya la mzee aliyebakiwa na meno machache. Wengi wetu tumepita chini ya milima hiyo miaka nenda miaka rudi, tukiwa na magunia ya viazi, maharage au vitenge, bila hata siku moja kujiuliza huko juu kuna nini. Kupanda mlima tumewaachia wageni wanaokuja na ndege.

Hata hivyo, swali hilo lilitufikia shuleni kwetu kwa njia nyingine. Wanafunzi wa klabu ya jiografia waliomba kupelekwa Sabinyo, kwa hoja ambayo ni vigumu kuipinga: wanafundishwa kila mwaka kuwa Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zinakutana juu ya mlima huo, lakini hakuna hata mwalimu mmoja aliyewahi kufika hapo akaona. Kamati ya wazazi ilijibu kwamba haitatia saini barua yoyote hadi watu wazima watangulie, wapande hadi mwisho, kisha warudi kueleza kama mtoto anaweza kupelekwa mahali kama hapo na akarudi salama.

Tulichaguliwa watatu. Mimi ninayefundisha jiografia, mwenzangu wa sayansi, na mama mmoja mfanyabiashara wa viazi na vitunguu, mjumbe wa kamati, ambaye binti yake yumo kwenye klabu. Tulikwenda Jumamosi, Oktoba 14, 2023. Safari ya wanafunzi ilikuwa imeombwa katika muhula wa kwanza, ambao huangukia vuli, msimu ambao kwa Kinyarwanda huitwa umuhindo. Hivyo haikuwa na maana kwenda kuukagua mlima wakati wa kiangazi ilhali watoto watapanda wakati wa mvua.

Mlima wenye meno

Sabinyo ni mmojawapo wa milima minane mikubwa ya Virunga, na wataalamu husema ndio mzee kuliko yote. Ni volkano iliyokwisha kulala, na mvua ya maelfu ya miaka imeichimba makorongo na kuiachia vilele vilivyokwaruzwa. Ndiyo sababu haukubaki na umbo la pia kama Muhabura. Jina lenyewe linatokana na neno iryinyo, yaani jino.

Kuhusu urefu wake, vitabu na ramani vinapishana kidogo. Vipo vinavyotaja mita 3,634, vingine 3,645 na vingine 3,669. Muhabura wenye mita 4,127 unaupita, na Karisimbi wenye mita 4,507 unaipita yote miwili. Lakini waliopanda milima hiyo huwa wanakubaliana kuwa urefu si kipimo pekee cha ugumu. Muhabura ni mteremko mmoja mrefu usiokwisha. Sabinyo ni vilele vitatu, kimoja baada ya kingine, na kila ukimaliza kupanda kimoja unalazimika kushuka kabla ya kuanza kingine.

Mpaka unaopita juu yake ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana mjini Brussels na kukubaliana namna ya kugawana eneo la volkano hizi. Mstari ukapitishwa juu ya vilele: kutoka Karisimbi na Bisoke hadi Sabinyo, kisha Gahinga na Muhabura. Wafumbira wa Kisoro wakajikuta Uganda ya Mwingereza, ndugu zao wa kusini wakabaki chini ya Mjerumani, na wale wa magharibi wakawa wa Mbelgiji. Hadi leo mtu wa Musanze akiongea na mtu wa Kisoro hawahitaji mkalimani.

Saa moja inayowapotosha wengi

Anayetaka kupanda Sabinyo kwa siku moja huanzia upande wa Uganda, katika Hifadhi ya Taifa ya Gorila ya Mgahinga. Hifadhi hiyo ni ndogo, ina kilomita za mraba 33.7 tu, na ilitangazwa mwaka 1991. Lango lake la Ntebeko lipo takriban kilomita 14 kutoka mjini Kisoro, kwa barabara ya mawe ambayo bodaboda huipita na gari dogo huilalamikia.

Kwa Mnyarwanda, kufika huko si kazi kubwa. Tangu Januari 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tulipita Cyanika Ijumaa jioni, tukalala Kisoro. Kulala huko ni jambo la lazima, na sababu yake wafanyabiashara wanaijua vizuri: saa ya Uganda iko mbele ya saa ya Rwanda kwa saa moja. Wapandaji wanatakiwa kuwa langoni saa moja asubuhi ya Uganda, wakati ambapo Musanze ni saa kumi na mbili, na mpaka kuna foleni.

Mama yetu wa kamati alinunua chakula cha njiani yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuamini walimu wanaweza kununua kitu kwa bei ya haki. Tulibeba chapati zilizokunjwa na mayai, zile ambazo Waganda huziita rolex, ndizi mbivu, karanga, na maji lita tatu kwa kila mtu. Alivaa mabuti ya mpira anayoyatumia sokoni siku za tope. Mwenzangu wa sayansi alivaa viatu vipya vya michezo, vyeupe.

"Mwalimu, hivyo viatu umevileta harusini?" mama alimuuliza. Kiongozi wetu wa hifadhi, kijana wa hapo hapo Kisoro, alicheka, kisha akaenda kumtafutia mabuti ya kukodi kwa wanakijiji wanaokaa jirani na lango.

Ukuta wa mawe, mianzi na tope

Ntebeko ipo kwenye mita zipatazo 2,350. Maana yake ni kwamba kutoka hapo hadi kilele cha tatu mtu anapanda zaidi ya mita 1,200 kwenda juu, na safari nzima ya kwenda na kurudi ni kilomita zipatazo 14. Mkulima aliyezoea kutembea atasema kilomita 14 si kitu. Nami ningesema hivyo, kama zingekuwa tambarare.

Tuliondoka saa mbili kasoro dakika kumi, saa za Uganda. Tulikuwa watu saba: sisi watatu, kiongozi, askari wawili wa hifadhi wenye bunduki, na mpagazi mmoja. Bunduki zile, tulielezwa, ni kwa ajili ya nyati na tembo, na hupigwa hewani kuwafukuza. Hatukuwaona wanyama hao, lakini kinyesi kibichi cha nyati kilikuwa katikati ya njia, na askari wa mbele alisimama mara mbili akanyamaza na kusikiliza kabla ya kutupungia mkono tuendelee.

Mwanzo wa njia ni majani na vichaka. Zamani hapo palikuwa mashamba, kabla ya hifadhi kutangazwa. Pembeni upo ukuta mrefu wa mawe ya volkano, uliojengwa bila saruji ili nyati wasishuke kula viazi vya watu. Kiongozi alituambia pia habari za Watwa, ambao waliishi ndani ya misitu hii kwa uwindaji na asali hadi walipoondolewa mwaka 1991. Wengi wao hawakupewa ardhi ya kutosha ya kuishi nje ya msitu. Leo baadhi yao huwaongoza wageni katika njia iitwayo Njia ya Watwa, wakionyesha jinsi walivyoishi, kisha jioni hutoka nje ya lango kama wageni wengine. Jambo hilo lilituacha kimya kwa muda. Mtu aliyekulia ukimbizini hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya kutazama nyumbani kwenu kwa kibali.

Baada ya majani inaingia mianzi. Hapo jua hupotea na mwanga unakuwa wa kijani. Ndiyo makazi ya kima wa dhahabu, nyani adimu wa mgongo wa rangi ya machungwa ambaye anapatikana katika milima hii na maeneo machache ya jirani. Tuliwasikia wakivunja vitawi juu yetu na tukaona mkia mmoja. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia kuwa uji. Hifadhi imetandika vijiti mahali pabaya zaidi, lakini vijiti vilivyolowa huteleza kuliko tope lenyewe. Mwenzangu wa sayansi alianguka mara tatu kabla hatujatoka kwenye mianzi, na kila mara alisimama akihesabu kwa sauti.

Kilele cha kwanza ni mtego

Juu ya mianzi miti inakuwa mikubwa na mizee, imevikwa kuvu na ndevu za kijivu zinazoning'inia hadi usoni. Njia inapanda mgongo wa mlima moja kwa moja, bila kuzunguka. Hapo ndipo pumzi inapoanza kudai haki yake. Hewa ya juu ni nyepesi, na mtu aliyezoea kuongea akitembea hujikuta anachagua moja kati ya mawili.

Katika jiografia tunawafundisha watoto kwamba kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi sita. Darasani hiyo ni hesabu ya mtihani. Mgongoni mwa Sabinyo, shati likiwa limelowa jasho na upepo ukitoka Congo, unaielewa kwa meno yako yenyewe yanayogongana. Kisoro tuliacha watu wamevaa mikono mifupi. Sisi tulikuwa na masweta mawili mawili, na bado tuliogopa kukaa chini.

Kilele cha kwanza tulikifikia saa tano kasoro robo. Miti ilikuwa imekwisha, na badala yake ilisimama mimea ya ajabu ya milima mirefu: lobelia zilizosimama kama mishumaa mirefu kuliko mtu, na senesio zenye mashina manene na vichwa vya majani kama kabichi. Upande wa mashariki Gahinga na Muhabura zilionekana wazi kabisa. Kaskazini lilikuwepo ziwa Mutanda na visiwa vyake. Mwenzangu alikaa chini akasema sasa anaelewa kwa nini watu hulipa fedha.

Nakiita kilele hiki mtego kwa sababu mtu anafika amechoka, anaona mandhari yote hayo, anadhani amemaliza. Kisha ukungu unafunguka kidogo, naye anaviona vilele vingine viwili vimesimama mbele yake, kila kimoja kirefu kuliko cha nyuma, na kati yake kuna mabonde. Kiongozi alitusomea sheria yake hapo. Atakayekuwa hajafika kilele cha tatu saa saba mchana, atageuka popote alipo. Vuli huleta radi kila mchana, alisema, na ngazi za huko juu si mahali pa kukutana nayo.

Mguu mmoja Uganda, mwingine Rwanda

Kutoka kilele cha kwanza kwenda cha pili njia inapita juu ya ukingo mwembamba. Kushoto ni Rwanda, kulia ni Uganda, na pande zote mbili ni korongo. Siku hiyo korongo la kulia lilikuwa limejaa ukungu mzito, mweupe kama pamba, na kwa kweli ulitusaidia, maana usichokiona hakikuogopeshi. Lile la kushoto lilikuwa wazi. Tuliona chini kabisa mashamba ya Kinigi, viazi na pareto, yamepangwa kama mkeka hadi kwenye ukuta wa hifadhi.

Mama wa kamati alisimama hapo muda mrefu kuliko popote. Alitueleza kuwa mwanzoni mwa 2019, uhusiano wa serikali hizi mbili ulipoharibika, mpaka ulifungwa, na ulikuja kufunguliwa kwa wasafiri wa kawaida Machi 2022. Katika miaka hiyo mitatu alipoteza wateja wake wote wa Kisoro, na vitunguu vyake vya mwisho viliozea stoo. Mama yake mkubwa aliyeolewa upande wa pili alifariki, naye akazika kwa simu.

"Sasa niambieni ninyi walimu," alisema, akiweka buti moja kulia na lingine kushoto, "hapa ni wapi panapofungwa?"

Hakuna aliyemjibu. Askari wa hifadhi alitazama pembeni. Yeye naye, baadaye alituambia, ana shemeji Cyanika.

Kilele cha pili tulikifikia saa sita na dakika tano. Hapo ndipo mambo mawili yalipotokea kwa pamoja. Mwenzangu wa sayansi alisema kichwa kinamgonga na tumbo linachafuka, dalili za kawaida za mtu ambaye mwili wake haujazoea hewa ya juu. Na mama wa kamati alikazwa na misuli ya paja, akalazimika kukaa, mguu umenyooka kama gogo, huku mpagazi akimkanda. Upande wa magharibi wingu jeusi lilikuwa limeinuka kutoka Congo.

Kiongozi alimwangalia kila mmoja wetu machoni. Kwa mwenzangu hakujadiliana. Alimwambia, "Mwalimu, wewe utabaki hapa na askari mmoja, utakunywa maji, na kichwa kikizidi mtaanza kushuka bila kutungoja." Mwenzangu alikubali. Kwa mama alimwuliza tu kama anaweza kusimama. Alisimama. Akauliza ni muda gani umebaki. Kiongozi akasema dakika hamsini, na kazi iliyobaki ni ya dakika arobaini kwa mtu mwenye miguu miwili mizima.

"Nilitumwa na wazazi kufika mwisho," alisema mama. "Nikirudi nikawaambia nilifika karibu, watanituma tena."

Ngazi

Kipande cha mwisho cha Sabinyo hakipandwi kwa miguu peke yake. Ukuta wa mlima unasimama mbele yako, na hifadhi imefunga ngazi za miti, moja juu ya nyingine, zimeegemea mwamba na mizizi. Baadhi ya vidato ni vipya, vingine vina ukungu wa kijani, na vichache vimekwenda. Unapanda ukitazama kisigino cha aliye mbele yako. Mikono inafanya kazi sawa na miguu. Glovu za bustani tulizonunua Musanze zilikuwa ununuzi bora kuliko wote, maana pale ambapo hakuna ngazi mtu hushika mizizi, na katikati ya mizizi huota majani yanayowasha.

Kiongozi alitangulia, mama akafuata, mimi nikawa nyuma yake, na mpagazi na askari wakawa chini yangu. Tulipanda kwa utaratibu mmoja: hakuna anayeanza ngazi hadi aliyetangulia apaaze sauti kwamba amekwisha itoka. Mama alikuwa anautanguliza mguu mzima kwenye kila kidato, kisha anauvuta mgonjwa kuufuata, kama mtu anayepanda na mtoto. Hakulalamika. Katikati ya ngazi moja alisimama, na nilimsikia akihesabu kwa Kinyarwanda, polepole, hadi kumi, ndipo akaendelea.

Radi ya kwanza ilisikika mbali. Kiongozi alitazama saa yake, akasema bado dakika kumi na tano, na akaongeza kwamba ya pili ikisikika karibu zaidi ya hiyo tunageuka, saa saba au si saa saba.

Ya pili haikuja upesi. Saa saba kasoro dakika nane tulitokea juu.

Pale zinapokutana

Kilele cha tatu ni uwanja mdogo wa majani na mawe. Hakuna bendera, hakuna kibanda, hakuna dirisha la kugonga muhuri. Mkono wa kusini ni Rwanda, kaskazini ni Uganda, magharibi ni Congo. Simu zetu ndizo zilizojua kuliko sisi: ya mama ilipokea ujumbe wa kumkaribisha Uganda, kisha wa mtandao mwingine, na saa ya simu yangu ikarudi nyuma saa moja, kisha ikasonga mbele, kana kwamba nayo imechanganyikiwa.

Ukungu ulifunguka kwa muda usiozidi dakika tano. Tuliuona msitu wa Congo ukishuka mweusi bila shamba hata moja, na nyuma yake mlima Mikeno, mkali kama shoka. Kiongozi alinyoosha kidole kuelekea upande ulipo mji wa Bunagana, chini ya mlima. Mji huo wa mpakani ulitekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022, na maelfu ya watu walivuka kuingia Uganda, wakapokelewa katika kituo cha Nyakabande karibu na Kisoro. Alisema mwaka ule walikuwa wakisikia milio ya silaha hata wakiwa Ntebeko.

Shule ya msingi nilisoma Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Mwalimu wetu wa jiografia alituchorea Rwanda ubaoni kwa chaki, nasi watoto wa kambi na vijiji vya wakimbizi tukaijua nchi yetu kama umbo lenye kona. Kona ya kaskazini-magharibi alikuwa akiibonyeza kwa nguvu hadi chaki inakatika. Hapo ndipo niliposimama. Chini yangu kwenye Nyakabande kulikuwa na watoto ambao pengine nao walikuwa wakichorewa Congo ubaoni na mwalimu wa kujitolea, wajue kona za kwao. Sikuweza kupiga picha ya furaha kama wageni wapigavyo. Mama wa kamati alipiga, akasema ni ya kuwaonyesha wazazi, siyo ya kufurahia.

Tulikaa dakika kumi na mbili. Radi ya pili ilipiga karibu, na kiongozi hakusema neno, alielekea kwenye ngazi.

Kushuka kuna wenyewe

Wengi hudhani kazi ya mlima ni kupanda. Kushuka Sabinyo kulituchukua zaidi ya saa nne, na magoti ndiyo yaliyolipa. Mvua ilitukuta kwenye ngazi ya pili kutoka juu. Ngazi zile hushukwa kinyumenyume, uso ukiwa ukutani, mguu ukitafuta kidato usichokiona. Askari alitangulia chini ya mama na kumshika kisigino kila hatua, akikiweka mahali pake kwa mkono, kidato kwa kidato, hadi ardhini. Mvua ilikuwa inamwingia shingoni naye hakujifunika.

Mwenzangu tulimkuta kilele cha kwanza, ambako kichwa kilikuwa kimepungua baada ya kushuka. Kwenye mianzi sote tulianguka, na hakuna aliyehesabu tena. Tuliingia langoni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, saa tisa na nusu tangu tuondoke.

Tulichowaambia wazazi

Kamati ilikutana wiki iliyofuata. Mama ndiye aliyesimama kutoa taarifa, akiwa bado anachechemea. Alieleza mambo yote kama yalivyo, ngazi, ukungu, radi na mguu wake. Wazazi walinyamaza, na ilikuwa wazi kwamba wanangoja aseme hapana.

Hakusema hapana. Mapendekezo yetu yalikuwa haya. Wanafunzi wadogo waende Mgahinga, lakini waishie pango la Garama, lenye urefu wa zaidi ya mita 300 chini ya ardhi, na wasikilize historia ya Watwa kutoka kwa Watwa wenyewe. Wakubwa wapande Sabinyo hadi kilele cha kwanza, wasivuke hapo. Na safari ya wakubwa isifanyike vuli, bali ihamishwe hadi Juni au Julai, kiangazi, njia ikiwa kavu. Kilele cha tatu kingoje wawe watu wazima na waende kwa miguu yao na uamuzi wao.

Mzazi mmoja aliuliza sasa mtoto ataonaje pale nchi tatu zinapokutana, maana ndilo lililoombwa. Mama alijibu kwamba kwenye ule ukingo baada ya kilele cha kwanza mtu huona nchi mbili, na kwa mtoto wa Musanze hizo mbili zinamtosha kuanzia. Barua zilitiwa saini jioni hiyo.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, ushauri wetu ni mfupi. Lala Kisoro, usilale Musanze. Lipa kibali mapema, na uonyeshe kitambulisho chako, kwani mwananchi wa Afrika Mashariki hatozwi kiasi anachotozwa mgeni wa mbali. Vaa mabuti ya mpira, siyo viatu vya michezo. Beba koti la mvua hata kama asubuhi ni nyeupe, glovu, na maji si chini ya lita tatu. Kodisha mpagazi na fimbo hapo langoni, kwa kuwa fedha hiyo hubaki kijijini. Kichwa kikianza kugonga, sema mara moja na ushuke. Na kiongozi akikuambia geuka, geuka, hata kama kilele unakiona.

Kabla ya kwenda, uliza pia hali ya usalama ya upande wa Congo. Mlima hauna dirisha la muhuri, lakini yanayotokea chini yake huupanda.